Robo Kilo Haifiki

Nyuma ya karatasi ya maksi za Darasa la Sita
niliandika: elfu kumi na mbili. Basi.
Ndizo zilizobaki baada ya mbolea,
na mbolea, hapa Isyonje,
haina huruma na mshahara wa mwalimu.

Mwanzi sikuununua.
Baba alinipeleka mwenyewe, magoti yakilalamika,
hadi pale ukungu wa Uporoto unapolala mpaka saa nne.
Akagonga shina moja, akagonga la pili,
akisikiliza kama fundi wa redio.
"Huu umekomaa. Ule bado maji."
Tukaukausha juu ya moshi wa jiko majuma matano,
tukaunyoosha kwa mvuke wa sufuria ya makande.
Nchani nikafunga ujiti wa mwavuli
uliokufa na masika ya mwaka jana:
unapinda, unarudi, unapinda, unarudi,
kama mtoto anayeitikia ndiyo bila nia ya kutii.

Ndoana zilinipeleka Mwanjelwa.
Muuzaji, mtu wa Kyela, aliyezoea kupima nyavu kwa mikono miwili,
alizisaka zile ndogo kuliko zote chini ya droo,
akanimwagia kiganjani, akacheka hadi akakaa.
"Mwalimu, hizi za kuvulia nini? Mbu?"
Karibu, nikamwambia. Umekaribia sana.

Maana trauti wa kijito chetu hula akitazama juu.
Humngoja mdudu aliyechoka kuruka.
Basi nikamuunda mdudu:
unyoya wa shingo ya jogoo wa Tusekile
(nilimlipa kwa daftari mbili; jogoo hakulipwa kitu),
kiwiliwili, uzi wa sweta ya shule iliyofumuka kiwiko.
Wa kwanza alifanana na ufagio.
Wa nne, na nzi aliyeloa mafuta ya taa.
Wa tisa, paka alimrukia pale pale mezani.
Nikajua tayari.

Kamba ni nyuzi za cherehani:
nane upande wa ufito, halafu sita, halafu nne, mwishoni mbili,
nimezisokota kwa gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa,
nikazipaka nta ya nyuki hadi vidole vikanukia kanisa.
Kisha pima moja ya nailoni
nyembamba hata jua hulazimika kuitafuta.
Kigurudumu cha kukunjia? Sina.
Kijito chenyewe ukikiruka bila kukimbia umekivuka.
Nimrushie nani, ng'ambo ya wapi?

Jumamosi nikaweka vyote juu ya mizani ya maharage.
Mshale ukasogea kidogo, ukaona haya.
"Robo kilo haifiki," akasema Tusekile. "Nikufungie?"

Sasa niseme la baba.
Miaka kumi na moja alimbebea mkoba meneja wa shamba la chai,
kila Jumapili, mto kwa mto.
Alijua jiwe lipi lina samaki nyuma yake na saa ngapi.
Alinyoosha kidole; mwingine akarusha.
Ufito wa yule bwana aliushika miaka yote hiyo
ukiwa ndani ya mfuko wake, umefungwa vifungo.

Kwa hiyo tulipofika majini sikusema neno.
Nilimkabidhi tu, nikajidai nafunga kiatu.
Akaupima mkononi. "Mzito huku chini."
Akatoa kisu, akaparura kidogo, akapuliza vumbi.
Mrusho wa kwanza ulinasa kofia yake mwenyewe.
Tulicheka? Hapana. Niliichomoa ndoana kimya kimya,
kama mtu anayemtoa mgeni mwiba.
Wa pili, kamba ilijikunjua taratibu juu ya maji,
na yule nzi wa sweta akatua bila kuandika hata duara.
"Ukiona vyaelea," akasema baba.
Hakuimalizia. Maji yalipasuka.

Ufito hajaurudisha mpaka leo.
Naona anaondoka nao alfajiri, mgongo umenyooka,
mfukoni kiazi kimoja cha kuchoma.
Nami nimechukua karatasi nyingine, za Darasa la Saba,
nimeigeuza nyuma, nimeandika:
elfu kumi na mbili.